DARASA KUBWA, MIKONO MITUPU: TUANZIE WAPI?

Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa kujitolea mbele ya wazazi, walimu na wafanyakazi wa mashirika, Siku ya Mtoto wa Afrika, makazi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge



Siku ya leo, tarehe 16 Juni, inaadhimishwa katika Afrika tangu mwaka 1991. Tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliotoka barabarani tarehe 16 Juni 1976 kwa sababu serikali ya ubaguzi iliwalazimisha kusoma baadhi ya masomo kwa Kiafrikaans. Wengi waliuawa. Walikuwa watoto wa shule kama hawa walioketi hapa mbele. Neno langu la leo linahusu lugha pia, na jinsi tunavyowapanga watoto wetu darasani.

Wengi wenu mnanijua. Nilizaliwa upande wa Pweto. Nilipokuwa mtoto tulivuka mpaka, na nikasoma katika kambi ya Kala, kule Kawambwa, iliyofunguliwa mwaka 2000. Tulirudi nyumbani, nikawa mwalimu. Mwaka 2017 vita vikatutoa tena, tukapokelewa Kenani, na mwaka 2018 makazi haya ya Mantapala yakafunguliwa. Basi nimekuwa mkimbizi mara mbili: mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, mara ya pili nikiwa mwalimu.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Katika darasa la kwanza nililopewa upande huu wa mpaka nilikuwa na watoto zaidi ya 80. Mmoja wao alikuwa mvulana wa miaka 13. Kwao alikuwa amefika darasa la tano, akisoma kwa Kifaransa. Hapa hakujua kusoma Kibemba wala Kiingereza, nami nikamketisha na watoto wa miaka 7. Magoti yake hayakuenea katika kiti. Wadogo walimcheka, mimi nikaona ni mambo ya watoto tu. Baada ya wiki tatu hakuonekana tena. Nikaandika katika daftari la mahudhurio: mtoro.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kashikishi kununua samaki. Nikamkuta pale ufukweni, anauza samaki wa mjomba wake. Mama mmoja alichukua samaki 7, bei kwacha 35 kila mmoja, akatoa kwacha 300. Kijana hakuandika mahali popote. Alisema papo hapo: "Mama, ni 245, chenji yako 55." Mimi mwalimu wake nilikuwa bado nahesabu.

Ndugu zangu, mtoto yule hakuwa mjinga. Mimi ndiye niliyempima kwa kipimo kimoja tu, yaani lugha, nikamnyima hesabu zake zote. Tangu siku ile nilibadili namna ya kupanga darasa. Ninayowaeleza leo hayahitaji fedha nyingi, na kila mwalimu anaweza kuyaanza kesho asubuhi.

KWANZA: TUWAPANGE WATOTO KWA WANACHOKIJUA

Zambia yenyewe imejaribu jambo hili. Kuanzia mwaka 2016 Wizara ya Elimu iliendesha majaribio katika shule za mikoa ya Mashariki na Kusini, kwa kufuata njia ya shirika la Pratham la nchini India. Kwa muda wa saa 1 hivi kila siku, watoto wanaacha madarasa yao na kukaa katika makundi kulingana na wanachoweza kufanya, si kulingana na umri.

Kupima ni rahisi. Mwite mtoto mmoja mmoja pembeni, bila kumtisha. Mwonyeshe herufi. Akizijua, mwonyeshe maneno mafupi. Akiyasoma, mpe sentensi chache, halafu hadithi fupi. Pale anapokwama ndipo kundi lake lilipo. Hesabu zipimwe mbali, kwa lugha anayoielewa. Mtoto anaweza kuwa kundi la chini katika kusoma na kundi la juu katika hesabu. Kila baada ya wiki 6 au 8 pima tena, umhamishe anayestahili.

Kwa saa zinazobaki, gawa darasa katika vikundi vya watoto 8. Kila kikundi kiwe na kiongozi, na kiongozi abadilike kila Jumatatu, wasichana kwa wavulana. Kiongozi ndiye anayegawa vifaa, anavihesabu wakati wa kurudisha, na anamwambia mwalimu nani hakuja. Vikundi vingine vikifanya kazi nje chini ya mti, mwalimu anabaki na wachache na anaweza kusikia sauti ya kila mtoto. Mkubwa aliye nyuma katika kusoma apewe uongozi wa hesabu. Hapo wadogo hawatamcheka.

PILI: LUGHA ZETU NI NDUGU

Mtaala wa Zambia wa mwaka 2013 uliweka lugha za Kizambia kuwa lugha za kufundishia kuanzia darasa la 1 hadi la 4, na hapa Luapula lugha hiyo ni Kibemba. Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wamepoteza miaka yao. Nawaelewa. Lakini tazameni. Sisi tunasema mti, wenyeji wanasema umuti. Tunasema mwana, wao wanasema umwana. Mvua ni imfula. Moja, mbili, tatu, nne, tano za kwetu ni cimo, fibili, fitatu, fine, fisano. Irabu ni zilezile 5: a, e, i, o, u. Mtoto aliyejua kusoma ba, be, bi, bo, bu kwa Kiswahili amekwisha kupita nusu ya njia ya kusoma Kibemba.

Basi tubandike ukutani boksi lenye safu 3: Kiswahili, Kibemba, Kiingereza. Kila siku watoto walete maneno 3 kutoka nyumbani na sokoni. Mtoto wa mwenyeji anafundisha neno lake, mtoto wa mkimbizi anafundisha lake. Mwalimu asiyejua Kibemba vizuri, kama mimi, asione haya kujifunza pamoja nao.

TATU: VIFAA VIPO MIGUUNI PETU

Ubao. Saga makaa mpaka yawe unga laini, chekecha kwa kitambaa, changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo. Paka mara 2 juu ya ubao au boksi gumu, anika kivulini. Futa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu maji yatautoa weusi. Rudia kupaka kila muhula. Msivunje betri za redio ili kupata weusi wake. Ule unga una sumu na watoto watashika.

Chaki. Zikiisha, kipande cha muhogo mkavu kinaandika. Lakini katika miezi ya njaa tusifanye hivyo. Mtoto asiandike kwa chakula ambacho hakipo nyumbani.

Hesabu. Kila mtoto akusanye vijiti 10 na kuvifunga kwa kamba ya gome. Hilo ni fungu la kumi. Sasa fundisha 42 kutoa 17. Weka mafungu 4 na vijiti 2. Kutoa 7 katika 2 haiwezekani, kwa hiyo fungua fungu moja: yanabaki mafungu 3 na vijiti 12. Toa vijiti 7, vinabaki 5. Toa fungu 1, yanabaki 2. Jibu ni 25. Mtoto aliyelifungua fungu kwa mkono wake hatasahau maana ya kukopa. Vifuniko vya chupa navyo vinafaa kwa kucheza duka, ila vipondwe kingo kwanza zisikate vidole.

Kadi za kusoma. Kata maboksi, andika silabi kwa makaa au kalamu, weka kila kikundi seti moja ndani ya mfuko wa gunia ulioshonwa. Mama zetu wanaojua kushona wanaweza kushona mifuko hii kwa siku moja. Itundikwe ukutani ili mchwa na mvua visiiharibu.

NNE: KALENDA YA ZIWA

Serikali hufunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mwezi Januari darasa hujaa. Tarehe 1 Machi ziwa likifunguliwa, madawati ya nyuma yanabaki matupu. Tunalijua jambo hili, na kila mwaka tunajifanya tumeshangaa. Napendekeza kwamba wiki ya mwisho ya Februari walimu na wanakamati watembee nyumba kwa nyumba, wakianza kwa wale waliotoroka mwaka uliopita. Mzazi asihukumiwe. Aulizwe: mtoto huyu atakuwa wapi mwezi wa tatu, na tunaweza kufanya nini abaki? Mtoto akikosa siku 3 mfululizo, kiongozi wa kikundi aende kwao pamoja na mwalimu. Tusisubiri mwisho wa muhula kuandika neno lile nililoliandika mimi.

Kwa wageni wetu wa mashirika nina maneno mawili. La kwanza: maboksi na magunia matupu msiyachome, tuachieni. La pili: msije mkaandika katika ripoti kwamba Mantapala wanafundisha kwa vijiti na muhogo, kwa hiyo vitabu si lazima. Vijiti vinamfikisha mtoto mlangoni. Kuingia ndani kunahitaji vitabu, madarasa yasiyovuja, na walimu wanaopewa posho kwa wakati. Haya tunayofanya ni ya kuanzia wakati tunangoja, na tusingoje milele.

Nanyi wazazi, mwalimu mmoja hawezi kujua watoto 80 peke yake. Njooni darasani hata mara moja kwa mwezi. Asiyejua kusoma aje atusimulie hadithi au atufundishe kusuka mkeka. Mikono haba na haba hujaza kibaba.

Mtaniuliza, yule kijana wa Kashikishi alirudi? Hapana. Nilimwomba radhi palepale mbele ya samaki, akacheka, akasema, "Mwalimu, mimi sasa ni mvuvi." Lakini aliniambia mdogo wake wa kike yuko nyumbani na hajaandikishwa. Leo binti yule yuko katika kundi la hadithi, na katika hesabu ndiye kiongozi. Chenji ya kaka yake ameirithi.

Watoto wetu oye!