Kombe la Wanawake Lifike Mwisho wa Reli: Mada kuhusu Timu za Taifa na Njia ya Kati

Tabora ndipo Reli ya Kati inapogawanyika: tawi moja hushika njia ya Mwanza, jingine huenda Kigoma. Reli iliufikia mji huu mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa karibu njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiikanyaga kwa miguu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na ambayo hadi leo hutambulika kwa miembe yake mikongwe. Mpira nao umeifuata njia hiyo, lakini kwa upande mmoja tu. Vijana wenye vipaji hupanda treni kwenda Dar es Salaam, na mechi nyingi za timu za taifa huchezwa hukohuko.

Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, ni mfano mmoja. Septemba 2019, katika mechi ya kuwania Kombe la Dunia jijini Dar es Salaam, Tanzania na Burundi zilikwenda kwenye mikwaju ya penalti, na Kaseja ndiye aliyekuwa langoni. Burundi haikufunga hata penalti moja. Taifa Stars, timu ya taifa ya wanaume, ikashinda 3-0. Watu wa Kigoma, ambao Burundi kwao ni jirani wa sokoni na wa ukoo, waliifuatilia mechi hiyo redioni na kwenye vibanda umiza.

Mada hii inatetea jambo moja: michuano ya timu za taifa za wanawake ipelekwe Tabora na Kigoma, tena mapema.

Kwa nini wanawake? Rekodi yenyewe inajibu. Katika Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, ambalo Zanzibar hucheza na timu yake na Tanzania Bara hucheza kwa jina la Kilimanjaro Stars, wanaume wa Bara wametwaa ubingwa mwaka 1974, 1994 na 2010. Ni vikombe 3 katika miaka 36. Wanawake waliichapa Kenya 2-1 kwenye fainali ya CECAFA ya wanawake huko Jinja, Uganda, Septemba 2016, mabao yote mawili yakiwa ya Mwanahamisi Omary. Mwaka 2018 wakatetea ubingwa wao Kigali. Mwaka 2021 wakaalikwa Afrika Kusini kwenye Kombe la COSAFA, mashindano ambayo si ya ukanda wao, wakaifunga Malawi 1-0 katika fainali kwa bao la Enekia Kasonga na kurudi na kombe. Hivyo ni vikombe 3 katika miaka mitano.

Kwa ngazi ya bara zima la Afrika, njia imekuwa ndefu kwa timu zote mbili. Taifa Stars ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mara ya kwanza baada ya Peter Tino kusawazisha kule Ndola, Zambia, Agosti 1979. Ikaenda Nigeria mwaka 1980, kisha ikasubiri hadi 2019. Hata ilipovuka makundi, si ushindi uliowavusha: katika AFCON ya 2025 nchini Morocco, Stars ilipita kwa sare mbili, dhidi ya Uganda na Tunisia, na ikatolewa na wenyeji 1-0. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, ilicheza fainali za Afrika mwaka 2010, ikarudi Julai 2025. Safari hiyo ya pili iliwabana Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa sare ya 1-1, Opa Clement akifunga. Bao kama hilo lilistahili kupokewa kwa shangwe katika kila stesheni kutoka Saranda hadi Kigoma.

Je, magharibi kuna uwanja na kuna watu? Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, Simba ikishinda 1-0. Mwezi mmoja kabla, nusu fainali ya Yanga na Biashara United ilipigwa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Anayesema mji fulani hauwezi kupokea mechi kubwa anapaswa kwanza kuzieleza siku hizo mbili. Mwaka 2023 Tabora United na Mashujaa ya Kigoma zilipanda Ligi Kuu pamoja, na Novemba 2024 Tabora United, ambayo sasa ni TRA United, iliifunga Yanga 3-1 huko Chamazi, Dar es Salaam.

Kwa upande wa wasichana, Kigoma ilikuwa na Sisterz katika Ligi Kuu ya Wanawake. Tabora ina shule kongwe ya wasichana. Msichana anayecheza peku kwenye vumbi la Isevya, Tabora, anahitaji kumwona mchezaji wa taifa akipasha misuli mbele ya macho yake. Picha ya simu haitoshi.

AFCON ya 2027 inaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Masharti ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kuhusu taa, vyumba vya kubadilishia nguo, hospitali na hoteli ni makali, na itakuwa si haki kuwaahidi watu wa magharibi mechi za fainali hizo. Michuano ya CECAFA ni myepesi zaidi kuiandaa. Burundi huingia Kigoma kwa barabara ya Manyovu. Rwanda na Uganda haziko mbali.

Ombi kwa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), basi, ni hili: Tanzania itakapopewa tena uenyeji wa CECAFA ya wanawake, kundi moja lichezwe Tabora na jingine Kigoma. Kabla ya hapo, Twiga Stars ipige kambi Tabora japo wiki moja, icheze mechi ya kirafiki na Burundi, na wanafunzi wa kike waingie bure.