Moto wa njiani: gazi, petroli, makala ao kuni?

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanamemba, Lubumbashi)

Komite iko na feza kidogo ya kununulia jiko familia zinazorudi upande wa Pweto, na mkutano uliopita tulibishana mpaka giza. Wamoja wanataka gazi. Wengine wanasema: “Kila mutu anajua mbabula, munatafuta nini tena?” Basi tumeombwa kueleza.

Tuanze na uzito, juu mzigo ndio unaamua. Familia inashuka kwenye lori, halafu inaendelea na kinga ao kwa miguu, mtoto mgongoni, bidoni kichwani. Chupa ya gazi ya kilo 6, ukihesabu na chuma chake, inapita kilo 12. Gazi ni moto muzuri, haina masizi, inawaka mara moja. Kwa mama anayebaki hapa Katuba ao Kenya, na anapata feza ya kujaza tena, hatuna neno. Lakini kijijini ikiisha, ataijaza wapi? Tumeona chupa tupu ikigeuka kiti cha kukalia.

Petroli: hapa tunaomba musikilize sana. Kwetu Kongo, petroli ni mafuta ya taa. Ile ya kutia mu motokari tunaita esanse. Lakini ndugu aliyekomalia kambini Tanzania, kwake petroli ni ile ya motokari, na mafuta ya taa anayaita mafuta ya taa. Aliyetoka Meheba ao Mantapala, kule Zambia, naye amezoea hivyo hivyo: kwake mafuta ya taa ni palafini. Neno ni moja, chupa ni mbili. Ukitia esanse mu jiko la mafuta ya taa, mvuke wake unashika moto hata mbali na utambi, nyumba inaungua na watu wake. Kwa hiyo kabla ya kumimina, nusa, uliza mara mbili, na usinunue kwenye chupa ya sukari isiyo na alama. Sisi wenyewe tulishakuta jamaa mmoja na kibiriti tayari mkononi, amenunua esanse bila kujua. Tangu siku ile hatupendi jiko la petroli kwenye mzigo wa safari, hata kama ni jepesi.

Tufike kwa makala. Mbabula tunaijua wote, hatutafundisha mutu kupika bukari. Ila kuna mambo mawili. La kwanza, miti. Kilo 100 za kuni kavu, za muputu ao mutondo, zikichomwa ndani ya tanuru la udongo zinatoa makala kilo 10 mpaka 20 tu. Kilo moja ya makala inatoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni, ni kweli, lakini hesabu yote ukiifanya, sehemu kubwa ya moto wa ule mti imebaki porini.

La pili linaua. Makala yakiisha kushika hayatoi moshi, kwa hiyo watu wanafikiri hewa ni safi. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ikikaza, wanaingiza mbabula ndani, wanafunga mlango, wanalala. Ile hewa ya makala haina harufu wala rangi. Njiani, kwenye kituo kimoja, tulikuta mama na batoto watatu ndani ya bashi iliyofungwa kila upande, vichwa vinawauma, mdogo anatapika na haamki muzuri. Walidhani ni malaria. Tuliwatoa inje, wakapumua, wakapona. Mbabula inabaki inje, hata ikionekana imezimika.

Sasa kuni. Pori liko na vijiti vya bure, shida ni mafiga matatu: upepo unabeba moto. Kwa hiyo tunapendekeza jiko la mikebe, kwa mfano wa lile Larry Winiarski alilobuni Marekani miaka ya 1980. Kiwiko cha mkebe ndani ya mkebe mkubwa, katikati unajaza majivu yanayozuia joto kupotea. Kibao kidogo cha tole kinashika vijiti juu, hewa inapita chini. Vijiti viwe vikavu, vyembamba kama kidole, na unavisukuma polepole. Ukijaza mdomo wote, hewa inakosa njia na moshi unakuja. Zungusha tole kando ya sufuria, uache nafasi ya sentimita moja hivi. Mfuniko usisahaulike. Maharagi yalowe usiku kucha: hapa Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, ndiyo maana maharagi yanakawia.

Hatufichi ubaya wake. Mkebe ni mwembamba, moto unautoboa baada ya miezi kadhaa, na lazima mutu akae karibu kulisha moto. Hata hivyo ukitoboka, familia inaweza kutengeneza mwingine peke yake. Wafadhili, mlituuliza kwa nini tunaomba tole na mikasi ya tole kuliko majiko yaliyo tayari. Ni juu ya hiyo.

Jumamosi tunaanza kukata mikebe. Kila familia ilete sufuria yake, ile kubwa inayopikia bukari, tupime tole juu yake.