Injini Gani, Gia Gani: Kabla Basi la Zamani Halijapewa Kazi Mpya

Maongezi ya afisa wa habari wa kaunti na vikundi vya akina mama na vijana, wenye magari, madereva na mafundi wa jua kali. Yamepunguzwa kidogo ili yatoshee hapa.

Mimi si makanika. Kazi yangu ni kuuliza, kuandika na kurudisha majibu kwa mwananchi, na swali lililojirudia zaidi ni hili: tumenunua basi kuukuu mnadani, bodi ni nzuri, injini imekufa, tuweke gani?

Mabasi ya namna hii ni mengi. Shule au taasisi ikinunua jipya, la zamani huuzwa. Kikundi kinachanga, kinalichukua, kina ndoto ya kuligeuza: kliniki ya kutembea, duka la kuzunguka sokoni, au nyumba ya kulala watalii wanaotoka Naivasha kwenda Elementaita, Ziwa Nakuru hadi Baringo. Halafu fundi anasema neno moja tamu: "Niko na injini hapa, inaingia." Jamani, kuingia si kazi. Ukiwa na moto wa kuchomelea na bolti za kutosha, karibu injini yoyote itaingia. Jambo la kuuliza ni kama itapanda, na hasa kama itateremka.

Tuanze na kupanda. Nakuru yetu iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Eldoret unafika Timboroa, mita 2,700 na zaidi. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo injini ya farasi 120 ukiwa Mombasa ni ya farasi kama 98 hapa mjini, na ikifika Timboroa imebaki na 90 hivi. Yenye turbo hujisukumia hewa, ndiyo maana haisikii mwinuko sana.

Sasa tuseme basi lenu, likiwa na vitanda, tangi la maji na watu, lina tani 10. Mlima ni wa asilimia 6, yaani kila mita 100 mbele unapanda mita 6. Ili kuupanda kwa kilomita 40 kwa saa mnahitaji karibu farasi 115 kutoka kwa injini. Mkiwa na 90, mtapanda kwa kilomita 30 hivi, guu likiwa chini kabisa, injini ikichemka, na foleni ya matrela nyuma yenu. Ndiyo maana napenda kikundi kipime basi kwenye mizani kabla ya kununua injini, wala wasikisie. Mbao, jenereta na matangi huongeza uzito kuliko watu wanavyodhani. Lita 500 za maji peke yake ni nusu tani.

Mfano mnaoujua ni Isuzu FRR. Zile za zamani zina injini ya 6HH1, silinda sita, lita 8.2, haina turbo, pampu yake ni ya kawaida na kila fundi wa barabara hii anaifahamu. Za baadaye zina 4HK1, silinda nne, lita 5.2, ina turbo. Nguvu zao hazipishani sana kwenye karatasi, lakini 4HK1 ni nyepesi, hunywa kidogo, na kwenye mwinuko wetu hubaki na nguvu zake. Halafu kuna 4HG1 ya zile NQR, lita 4.6, isiyo na turbo, farasi kama 120. Hiyo ndiyo "inaingia" ninayoisikia mara kwa mara, kwa sababu ni rahisi kupata. Kwa gari jepesi ni injini nzuri sana. Kwa basi la tani 10 ni kumfunga punda mkokoteni wa ng'ombe wawili.

Je, mchague 4HK1 basi? Hapo msikimbilie. Matoleo mengi ya injini hiyo hutumia komonreli: dizeli inasukumwa kwa shinikizo kubwa sana na kompyuta ndiyo inayoamua ni kiasi gani kiingie. Ukiinunua bila kompyuta yake, nyaya zake zote na kanyagio lake la mafuta, umenunua chuma. Pia injekta zake hazivumilii dizeli chafu. Mnakumbuka mwaka wa 2018 serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Ile pampu ya zamani ya 6HH1 ingeweza kusamehe mchanganyiko huo kwa muda, lakini injekta za komonreli hazisamehi.

Maoni yangu, na mafundi niliowauliza walibishana nami kwa sauti: kama basi lilitoka kiwandani na 6HH1, na litafanya kazi vijijini Kuresoi au Subukia ambako kompyuta ya kupima injini haipo, rudisheni 6HH1 nyingine iliyo nzima. Giaboksi, klachi, rejeta na propela vitabaki vilevile. Fedha mtakazookoa kwa kutobadilisha vitu hivyo zitanunua dizeli nyingi.

Kabla ya kulipa, ombeni injini iwashwe ikiwa baridi. Mkikuta muuzaji ameshaipasha moto, ngojeni ipoe, hata kama ni hadi jioni. Fungueni kifuniko cha oili inapounguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu kama sufuria ya ugali, ringi zimechoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Shikeni ekseli ndogo ya turbo muitikise. Ikicheza kupita kiasi, hesabuni turbo nyingine. Kisha someni nambari iliyo kwenye injini na muilinganishe na karatasi. Nambari iliyosuguliwa ni sababu ya kuondoka hapo mara moja, hata bei iwe ya kuchekesha, maana mkaguzi au polisi akiiona, mwenye kujieleza ni wewe uliye nayo.

Nije kwenye gia, ambako ndiko ninakotaka tukae kidogo.

Giaboksi inatakiwa kuhimili msukumo wa injini mpya, na meno yake yaelewane na difu. Chukueni kalamu. Tairi ambalo mzunguko wake ni mita 2.6, kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha magari ya abiria, huzunguka mara 513 kwa dakika. Kama difu ni ya 41 kwa 8, propela inazunguka mara 2,630 hivi. Ikiwa gia yenu ya mwisho ni moja kwa moja, injini nayo inapiga 2,630, kelele na mafuta. Ikiwa mna gia ya sita inayopunguza hadi 0.75, injini inapiga chini ya 2,000. Hesabu ya dakika tano inaweza kuokoa lita nyingi kila safari.

Lakini mafuta si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kuteremka kutoka Mau Summit hadi Salgaa. Januari 2009 pale Sachangwan lori la mafuta lilianguka na kuwaka, wakafa zaidi ya watu 100. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana, wakafa 36. Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wanauza bidhaa zao kando ya barabara. Sisemi ajali hizi zilitokana na injini za kubadilishwa. Nasema hizo ndizo barabara zetu na hao ndio watu walio kando yake.

Gari zito hushikiliwa mteremkoni na injini na gia kwanza, breki za miguu baadaye. Kwa hiyo injini mnayonunua iwe na breki yake ya egzosi, na iwe inafanya kazi. Kama basi lenu hutumia breki za hewa, injini ije na kompresa ya hewa ya kutosha. Injini nyingi zilizotoka kwa malori madogo zina pampu ya vakyumu tu, na nimeona mtu akipanga kufunga kompresa ndogo ya pembeni kwa mkanda. Mkanda huo ukikatika, breki zinakatika nao. Msikubali.

Dereva naye asiteremke kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Kwenye nyutro breki ya egzosi haishiki chochote, kompresa inazunguka polepole, na kila ukikanyaga hewa inapungua huku breki zikichemka. Giaboksi yenye gia sita zilizokaribiana humpa nafasi ya kuchagua gia inayolishika gari bila injini kupiga kelele ya kufa. Kuhusu gia za otomatiki, ni nzuri, lakini ulizeni kwanza ni nani Nakuru atakayeitengeneza.

Wanaotaka kliniki, jambo moja zaidi. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji hiyo isitegemee injini ya basi iungurume kutwa nzima sokoni. Wekeni betri zake na sola, au giaboksi yenye nafasi ya kuchomoa nguvu za kuzungusha jenereta.

Mwisho ni karatasi. Nambari ya injini ikibadilika, mwenye gari anatakiwa kuijulisha NTSA, gari likaguliwe na logibuku isahihishwe. Ukibadilisha pia bodi na matumizi, hilo ni badiliko lingine linalohitaji idhini kabla ya kuanza kukata mabati. Mwambieni na mtu wa bima, kwa maandishi. Bima iliyoandikwa "basi la shule" huenda ikakataa kulipa duka au kliniki. Risiti ya injini, yenye nambari na jina la muuzaji, wekeni nakala tatu: moja kwa mweka hazina, moja ndani ya gari, na moja kwa mtu ambaye hasafiri na basi hilo.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja punda.