Kupumzika Kazi Mapema: Kaa Chini, Hesabu, Kisha Uhame

Masomo: Hesabu 8:23-26; Luka 14:28-30

  

Leo nitasema juu ya jambo ambalo hatulihubiri sana: mtu kuacha kazi ya mshahara mbele ya uzee kummaliza, na kwenda kuishi katika mji wenye maisha nafuu. Je, ni dhambi? Ni uvivu? Nitaanza kwa kutubu, kwa maana mimi mwenyewe nilikosea.

Shemasi mmoja wa kanisa letu hapa Lubumbashi alinifikia siku moja kisha ibada. Alikuwa na miaka 52. Alikuwa shofere wa magari makubwa miaka 27, na mgongo wake ulikuwa umechoka. Akaniambia: "Pasta, niko na neno. Mimi na mama tunataka kuhamia Likasi. Nataka kuacha kazi." Nikamjibu pale pale, bila kuomba: "Papa shemasi, huo ni uvivu. Mtumishi wa Mungu anapumzika mbinguni." Akainamisha kichwa, akaenda zake.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Roho Mtakatifu aliniuliza: ulimjibu kwa ajili ya nani? Ndugu zangu, nilipochunguza moyo, nikaona kwamba nilikuwa nafikiri fungu lake la kumi na sauti yake katika kwaya. Mgongo wake sikuufikiri hata kidogo.

Nikafungua Hesabu mlango wa 8. Pale Mungu anampa Musa sheria ya Walawi. Walianza utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na wakifika miaka 50 waliacha ile kazi nzito. Sikiliza vizuri: miaka 50! Kati yao walikuwako waliobeba vyombo vitakatifu kwa mabega jangwani, na Mungu aliyeumba bega alijua siku bega linapochoka. Lakini hakuwafukuza hemani. Waliendelea kusaidia ndugu zao na kulinda. Walitua mzigo tu, wito wao wakabaki nao.

Asubuhi nikaenda kwake Katuba kuomba musamaha. Tulipokwisha kuomba, mke wake akaleta daftari la shule la mtoto. Ndani yake mlikuwa hesabu ya mwaka mzima. Mama yule anauza makala mbele ya nyumba, hakumaliza sekondari, lakini alikuwa ametii Luka 14 kuliko mimi ninayeihubiri. Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: lazima kwanza akae na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka.

Wamenipa ruhusa nieleze hesabu yao. Lubumbashi walitumia dola 310 kwa mwezi: nyumba ya kupanga 120, bisi na safari 45, chakula na makala 110, shule ya mtoto wa mwisho 35. Walikuwa wameweka akiba ya dola 9,000 kwa miaka mingi. Kama wangeacha kazi na kubaki hapa, pesa ile ingekwisha kwa miezi 29. Likasi, kilometa kama 120 kutoka hapa, nyumba ya kupanga ingekuwa 50, safari 5, chakula 80, shule 35, jumla 170. Hata hapo akiba ingekwisha kwa miezi 53. Mama akasema: "Pasta, kuhama peke yake haitoshi."

Basi wakafanya hivi. Walinunua nyumba ndogo Kikula kwa dola 5,000. Kodi ikaondoka; matumizi yakabaki 120. Nyuma ya ile nyumba mlikuwa vyumba viwili, wakavipangisha dola 30 kila kimoja. Wakalima lenga-lenga na sombe, wakafuga kuku. Hiyo iliwapa kama 40. Pungufu ikabaki dola 20 kwa mwezi, ndiyo 240 kwa mwaka. Kutoka miaka 52 mpaka 60, umri wa pansio katika sheria yetu, ni miaka 8: dola 1,920. Katika zile 4,000 zilizobaki, 2,080 ziliwekwa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Na mbele ya kusaini barua ya kuacha kazi, papa alienda kwenye Kesi ya usalama wa jamii kuuliza kama michango yake inatosha ili apate pansio wakati utakapofika. Mwajiri alikuwa amelipa. Kuna wengi ambao mwajiri hakulipa, na hawajui mpaka siku wanapofika dirishani.

Wapenzi, katika Katanga tunajua kwa nini hesabu hii ni ya lazima. Kumbukeni mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipotoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Pesa ilifika mikononi mara moja. Wako walionunua shamba ao nyumba, na mpaka leo watoto wao wanakula pale. Wako walionunua gari kuukuu, gari likafa, na pesa ikafa pamoja nalo. Pesa nyingi ya siku moja inadanganya macho. Inaonekana kama mavuno, kumbe ni mbegu. Yosefu kule Misri aliweka sehemu ya tano kila mwaka wakati chakula kilikuwa kingi, naye hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala.

Sasa nisikilize wewe unayefikiri kuhama.

Usidhani kila mji mdogo ni wa bei nafuu. Kolwezi ni ndogo kuliko Lubumbashi, lakini biashara ya kobalti imepandisha bei ya nyumba. Nenda kwanza, kaa huko mwezi mmoja, tena wakati wa mvua. Uliza bei ya unga sokoni wewe mwenyewe. Uliza hospitali iko wapi, na maji yanatoka siku ngapi kwa juma. Kama ni kununua, karatasi za nyumba zionekane, na majirani na wazee wa kartie wathibitishe mwenye nyumba ni nani. Usipeleke pesa kwa simu kwa nyumba ambayo hujaiona.

Tena usimhamishe mama kama kitanda. Mke wa shemasi alikuwa na wateja wake hapa, dada zake, na kundi lake la maombi. Mwaka wa kwanza Likasi alilia. Mtoto wao wa kwanza alikasirika akisema wazazi wamemwachisha nyumba ya kufikia mjini. Watu wa kartie walisema papa amefukuzwa kazi. Haya ni mzigo pia, uuweke katika hesabu yako. Barzilai, katika 2 Samweli 19, aliitwa na mfalme Daudi akale kwenye meza yake Yerusalemu. Alikuwa na miaka 80. Akashukuru, akarudi kwenye mji wake, wala hakuona haya.

Mwaka wa pili mama alipasuliwa tumbo. Dola 700 zikatoka. Papa alinipigia simu usiku, sauti yake inatetemeka: "Pasta, labda ulisema kweli siku ile. Labda ni kiburi changu." Nikamwambia: "Hapana, papa. Pesa ile mliiweka kwa ajili ya usiku huu." Tuliomba pamoja kwenye simu mpaka mkopo wangu ukakwisha. Mama alipona. Leo anauza makala Kikula, na wateja wapya wanamwita kwa jina.

Na ule utumishi? Papa shemasi anafundisha kwaya ya kanisa dogo la huko, ambalo halikuwa na mwalimu. Kila Jumatano anatembelea wagonjwa, jambo ambalo shofere wa barabara kubwa hakupata nafasi kulifanya miaka 27. Fungu lake la kumi ni dogo sasa, tena haliji kwetu. Mungu na apewe sifa!

Lakini wewe unayetaka kupumzika ili ukae chini ya mwembe na kunywa, ukimwambia moyo wako kula na kusahau, soma Luka 12 juu ya tajiri mwenye ghala. Yeye alihesabu vizuri sana. Alisahau kumhesabu Mungu, na jirani yake.

Juma hili, mume na mke, kaeni na daftari. Andikeni kila franka inayoingia na inayotoka, hata kama hamhami popote. Na ninyi wachungaji wenzangu, kondoo anapoomba kutua mzigo, msimjibu mbele ya kuomba.

Tuombe. Baba, wewe unayejua mabega yetu, utufundishe kuhesabu siku zetu na pesa zetu. Uwape waliochoka mahali pa kupumzika, na kazi ya kukutumikia pale pale. Walinde wale ambao waajiri hawakuwalipia michango. Katika jina la Yesu. Amina.