Kumrudisha Mwana kwa Mama Yake



Leo tungependa kutafakari habari za yule mjane wa mji wa Naini, katika Injili ya Luka, sura ya 7. Mama huyu alikuwa akienda kumzika mwanawe wa pekee, na watu wengi wa mji walifuatana naye. Bwana alipomwona alimhurumia, akaligusa jeneza, na yule kijana akafufuka. Lakini liko jambo moja mwishoni ambalo mara nyingi twalipita upesi: Yesu alimkabidhi kijana yule kwa mama yake.

Jambo hili limetugusa kwa kuwa nasi tumetoka kumzika kijana wetu, mwenye umri wa miaka 16. Alizaliwa Lodwar, akawa anasoma Kakuma, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka nyumbani, akikaa kwa mjomba wake. Alasiri moja alikuwa akivuka laga ya Tarach. Juu hapakuwa na wingu. Lakini ninyi mnaoishi huku mwaijua mito yetu ya mchanga: mvua hunyesha milimani, mbali, na maji huja kwa ghafula yakibeba matope na magogo, na aliye katikati hana nafasi ya kukimbia. Tulimpata kesho yake.

Siku za matanga maneno yalikuwa mengi. Wengine waliuliza ni nani aliyeilaani nyumba ile. Wengine walisema mtoto wa Turkana angepaswa kuyajua maji. Wengine, kwa nia njema, walimkataza mama kulia, wakisema hayo ni mapenzi ya Mungu. Basi mtazameni Bwana wetu. Pale Naini hakuuliza kosa lilikuwa la nani. Ni kweli alimtuliza mama ili asilie, lakini alisema hivyo akiwa yu karibu kumfufua mwanawe. Sisi tusio na uwezo huo tusiwe wepesi wa kuwakataza watu machozi yao.

Tufanye nini basi? Kufufua si kazi yetu. Hiyo twaingoja siku ya Bwana. Hata hivyo iko sehemu ya mtoto ambayo twaweza kumrudishia mama yake. Mzazi hayajui maisha yote ya mwanawe, hasa mwana aliyesoma mbali. Siku ya tatu alikuja bibi mmoja mzee, mkimbizi kutoka Sudani Kusini, ameshika dumu tupu la maji. Alieleza kwamba kijana yule alikuwa akimjazia dumu hilo bombani na kumbebea mpaka mlangoni. Mama hakuwa na habari. Kisha akaja mwanafunzi mwenzake na daftari la hesabu, akamwonyesha jinsi alivyofundishwa na marehemu. Mama alipouona mwandiko wa mwanawe alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba ule, maana nyumbani kijana alikuwa akilalamika kwamba hesabu zinamshinda!

Ndugu zangu, Kakuma inaijua huduma hii tangu mwanzo wake. Mwaka 1992 walifika pale maelfu ya vijana wa Sudani, wengi wao bila wazazi. Walikuwa wameikimbia vita ya kwao wakaenda Ethiopia, na serikali ya huko ilipoanguka mwaka 1991 wakalazimika kukimbia tena. Wengi wa wenzao walikufa katika kuvuka mto Gilo. Nani angewapelekea mama zao habari za vijana wale, isipokuwa wale waliotembea nao? Yako majina ambayo hayakuandikwa popote ila katika vifua vya rafiki.

Kwa hiyo, turubai likiisha kukunjwa na sufuria kurudishwa kwa wenyewe, tusiiache nyumba ile. Tusiliogope jina la marehemu, tukidhani kwamba tukilitaja tutamkumbusha mama uchungu wake. Yeye hajausahau. Tumweleze mwanawe kama alivyokuwa: aliyeimba sauti ya tatu, aliyechelewa mazoezi ya kwaya karibu kila Jumamosi, aliyegawana chapati yake na mwenzake. Tusimfanye malaika, kwa sababu mama hakuzaa malaika. Alizaa mtoto, na huyo ndiye anayemlilia. Nanyi vijana, rafiki zake, nendeni mkamsalimu mama huyo, hata kama hamjui la kusema. Kuketi naye kunatosha. Tena, wanyesheapo wa milimani, wazuieni wadogo zenu wasivuke laga.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesimama mbele ya jeneza la kijana, simama leo katika nyumba zilizopoteza watoto wao. Utufungue vinywa tuliokaa kimya kwa hofu, na utufunge vinywa tulio na hukumu. Watunze waliolala, hata siku utakapowakabidhi tena mikononi mwa mama zao. Amin.