Neno na Picha katika Kumbukumbu ya Mwanafunzi

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika ukumbi wa hekalu, Kinyerezi

 

Kamati imenipa heshima ya kuzungumza juu ya masomo ya watoto wetu, na pamoja na heshima hiyo imenikabidhi swali. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya masomo ya jioni katika ukumbi huu, zinunue televisheni kubwa na mabango ya picha, au zinunue vitabu? Nitajibu kama mwalimu aliyesimama mbele ya ubao kwa miaka mingi, na kwa kuwa mimi ni jirani tu wa hekalu hili, mtanivumilia nikigusa yasiyonihusu.

Picha ina mashabiki wengi, na wana haki yao. Mwaka 1973 mtafiti wa Kanada, Lionel Standing, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walionyeshwa picha 10,000, moja baada ya nyingine, kwa muda wa siku chache. Baadaye waliwekewa picha mbili mbili, moja waliyokwisha kuiona na nyingine mpya. Waliitambua ile ya zamani kwa zaidi ya asilimia 80. Maneno hayakumbukwi kwa wepesi huo. Mkanada mwenzake, Allan Paivio, alikuwa amekwisha kutoa maelezo katika kitabu chake cha mwaka 1971: akili ya binadamu ina njia mbili za kuhifadhi mambo, moja ya maneno na nyingine ya sura. Jambo lililohifadhiwa kwa njia zote mbili ni kama nyumba yenye milango miwili. Ukikwama mmoja, unapitia wa pili.

Lakini angalieni vizuri lile jaribio. Watu wale waliulizwa kama wanaitambua picha. Hawakuulizwa inaeleza nini. Mtoto anaweza kuutambua mara moja mchoro wa moyo wa binadamu ulio katika kitabu chake, na bado asijue damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Mtihani wa taifa haumwulizi kama amewahi kuuona mchoro huo.

Picha peke yake ni bubu. Jirani anayeingia hekaluni kwa mara ya kwanza anamwona Ganesha mwenye kichwa cha tembo na panya miguuni pake, anamwona Saraswati ameshika vina na kitabu, anastaajabu na kurudi nyumbani na mastaajabu yake. Mjukuu wa nyumba hii anayaona hayo hayo, lakini yeye amekwisha kusimuliwa na bibi kwa nini kichwa ni cha tembo na kitabu kile ni cha nini. Kwake kila kitu kilichochongwa ni ndoano iliyoning'iniza kisa. Sanamu ni moja. Kumbukumbu ni mbili tofauti kabisa.

Hata kusoma picha kwenyewe hufundishwa. Mwaka 1960 William Hudson, aliyefanya utafiti Afrika Kusini, alieleza jinsi alivyowaonyesha watu mchoro wa mwindaji, swala na tembo mdogo aliyechorwa kwa mbali. Wengi ambao hawakuzoea michoro ya namna hiyo walisema mwindaji anamlenga tembo, kwa sababu kwenye karatasi tembo ndiye aliyekuwa karibu na ncha ya mkuki. Baadhi ya watu walitumia matokeo hayo kuwadharau Waafrika, na hilo lilikuwa kosa lao. Kanuni ya kuchora kitu cha mbali kwa udogo ni makubaliano, kama alfabeti ilivyo makubaliano, na asiyefundishwa alfabeti hasomi. Mwalimu anayebandika bango ukutani na kuondoka hajafundisha.

Mama zetu wa pwani wanalijua jambo hili bila utafiti. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya picha. Dukani mnunuzi hutazama maua, kisha huinama kusoma jina kabla ya kutoa fedha. (Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanza kuchapisha majina ya Kiswahili kwenye kanga ni mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Bara Hindi, Kaderdina Hajee Essak. Ujirani wetu, basi, si wa jana.)

Sasa nigeukie upande wa pili, neno lisilo na picha, maana hapo ndipo watoto wetu wanapoumia.

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili. Mtoto anahitimu akiwa na neno usanisinuru, na kwa neno hilo anaweza kueleza kwa nini mwembe wa nyumbani kwao unahitaji jua. Januari anaingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, na mahali pa neno lile panakaa neno refu lenye asili ya Kigiriki ambalo hata kulitamka ni kazi. Mlango wa maneno umefungwa. Akikosa pia mlango wa sura, anabaki na njia moja tu: kukariri sauti. Nimesahihisha karatasi nyingi zilizoandikwa na watoto wa aina hiyo. Sentensi ya kitabu inakuja nzima, na nukta zake, ila imewekwa kwenye swali lisilolihusu. Mzazi anasema mtoto ni mvivu. Mtoto amekesha.

Tuchukue mfano ulio hapa hapa mtaani. Watoto wa Kinyerezi wanaipita mitambo ya kufua umeme kila siku, sura yake wanaijua. Waulizeni gesi inageukaje kuwa umeme. Wengi watajibu kwamba gesi inachomwa, basi. Chukueni chaki. Choreni bomba linalotoka Mtwara, zaidi ya kilomita 500. Choreni chumba ambamo gesi inaungua pamoja na hewa iliyoshindiliwa, kisha mapanga yanayozungushwa na hewa ya moto inayotanuka kwa nguvu, kisha mhimili, kisha jenereta. Kwa Kinyerezi II ongezeni kipande kimoja: joto linalotoka na moshi halitupwi, linachemsha maji, na mvuke wake unazungusha mashine nyingine. Kila kipande kiandikiwe jina palepale kilipo, kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiingereza cha mtihani. Mtoto aliyeona mchoro ukikua hivyo hatasema tena "inachomwa, basi", na lile neno la Kiingereza sasa lina pa kukaa.

Nimesema palepale kilipo kwa makusudi. Richard Mayer wa Marekani, aliyelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, amethibitisha kwamba maneno yakiwekwa karibu na sehemu ya picha yanayoieleza, wanafunzi huelewa vizuri zaidi kuliko yakiwekwa mbali. Ameonyesha pia kwamba mapambo ya kuvutia yasiyohusu somo hupunguza kinachobaki kichwani. Mabango mengi yanayouzwa yana vikaragosi vinavyocheka kila pembe, na herufi ndogo chini kabisa. Hayo mimi nisingeyanunua.

Televisheni siipingi. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliotazama katuni za Akili and Me, zinazotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na Ubongo, waliendelea vizuri zaidi katika kutambua namba na maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Katuni zile picha na neno vinakwenda pamoja, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Lakini wanaokuja ukumbini hapa jioni wengi ni wa sekondari, na kwao kutazama hakutoshi.

Kinachotosha ni kuchora wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2016 majaribio ambayo watu walipewa maneno, mengine wayachore, mengine wayaandike tena na tena. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, hata mchoro ulipofanywa kwa sekunde chache, na uzuri wa mchoro haukuhusika. Kwa hiyo mtoto asiseme hajui kuchora. Mwaka 2006 Wamarekani Roediger na Karpicke walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba anayefunika kitabu na kujikumbusha hubaki na mengi zaidi, baada ya siku kadhaa, kuliko anayerudia kusoma.

Pendekezo langu kwa Kamati, basi, ni la gharama ndogo. Ukuta wa mashariki wa ukumbi upakwe rangi nyeusi ya ubao, kuanzia usawa wa goti la mtoto hadi mkono unapofika. Chaki zinunuliwe kwa katoni. Wenye maduka na ofisi walete karatasi zilizochapwa upande mmoja. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili ziwe nne au tano, zisizoruhusiwa kutoka nje. Fedha zitakazobaki ziende kwenye vitabu vya kiada, na televisheni isubiri mwaka mwingine.

Kila jioni mwanafunzi achore mada moja, aandike majina kwa lugha zote mbili, amweleze mwenzake kwa Kiswahili, afute, kisha achore tena bila kutazama. Pale aliposahau ndipo afungue kitabu. Akina mama na akina baba mnaokuja kwa ajili ya aarti mnaweza kusimama dakika tano na kumwuliza mtoto yeyote: hiki ulichochora ni nini? Huhitaji kuijua Baiolojia ili kuuliza hivyo.

Jumamosi hii, saa kumi alasiri, nitaanza na moyo. Wanafunzi waje na penseli mbili, nyekundu na ya buluu.