Mtu Aliyesimama Njiani

Mwaka 1838, mjini Paris, Bwana Louis Daguerre alipiga picha ya njia kuu toka dirishani. Siku zile picha ilitaka dakika kadhaa ili kushika nuru. Basi watu waliokuwa wakipita, pamoja na magari ya farasi, hawakuacha alama. Alionekana vema mmoja tu, aliyesimama akisafishiwa viatu. Ndiye mtu wa kwanza ajulikanaye kuonekana pichani.

Leo twazitazama picha za mwanzo wa misioni yetu, nasi twawashukuru waliomo. Tusiwasahau wapagazi, wapishi na mama zetu, waliopita wakitenda kazi. Kutoonekana pichani si kutokuwapo. Bwana aliwaona wote.